Kuamka kabla ya jua kwa utaratibu wa Kihindu na Ayurveda: mwongozo kwa anayeanza

Maswali ni yale yale kila siku. Mtu kasikia Wahindu wanaamka usiku wa manane, kasikia kuna muda unaitwa Brahma muhurta, anauliza ni saa ngapi hasa, eti lazima uoge maji ya baridi, mimi Mkristo au Muislamu naweza kufanya, na nikishaamka nakaa gizani nafanya nini? Basi nimeweka yote hapa hatua kwa hatua, ukimaliza kusoma unaweza kuanza usiku wa leo. Na nasema usiku wa leo kwa makusudi kabisa, maana kazi hii inaanza jioni, anayeisubiri alfajiri ndo imfikie huwa hadumu nayo hata wiki mbili.

Saa zote humu ndani ni za Kiswahili, saa 10 alfajiri ni saa 10 yetu.

Kwanza, kwa nini watu wanajisumbua

Nadharia nitakupa kidogo tu. Kwenye Ayurveda, yaani tiba ya asili ya India, kuna kitabu kikubwa kinaitwa Ashtanga Hridayam cha mganga Vagbhata, kimeandikwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita na mpaka leo wanafunzi wa Ayurveda wanakisoma. Sura yake ya pili inahusu ratiba ya siku, na inaanza kwa kusema mtu mwenye afya aamke wakati wa Brahma muhurta ili alinde uhai wake. Lishike hilo neno mwenye afya, tutalirudia, maana watu wengi wanaliruka na ndo linawaponza.

Wanaamini siku nzima inaongozwa na nguvu tatu zinazopokezana zamu: vata ambayo ni ya upepo na mwendo, pitta ya moto na usagaji wa chakula, na kapha ya uzito na utulivu. Kuanzia kama saa 8 usiku mpaka saa 12 asubuhi ni zamu ya vata, mwili unakuwa mwepesi, choo kinakuja kirahisi, akili imechangamka. Jua likishatoka kapha inashika mpaka saa 4 asubuhi, kwa hiyo ukiendelea kulala humo ndani unaamka mzito, kichwa kimejaa, mwili unadai kitanda. Nadhani kila mtu anaujua huo uzito wa kuamka saa 3 asubuhi jumapili hata kama umelala masaa 9.

Upande wa dini, Sheria za Manu, kitabu cha kale cha sheria za Kihindu, zinasema mtu aamke muda huohuo atafakari dharma yake, yaani wajibu wake, na riziki yake. Kwenye vyuo vya Veda, yaani maandiko matakatifu ya kale ya Kihindu, vijana wanaamshwa muda huo kukariri, kwa sababu kilichoingia kichwani kabla dunia haijaanza kelele kinakaa. Na kwenye Rigveda, ambayo ni mojawapo ya hizo Veda, alfajiri yenyewe ni mungu wa kike, Ushas, ana nyimbo kama 20 zake peke yake. Kwenye hekalu la Tirumala kule Andhra Pradesh mungu anaamshwa kwa wimbo kama saa 9 usiku na watu wanakuwa tayari wamepanga foleni. Kule Tamil Nadu mwezi wa Margazhi, kati ya Desemba na Januari, wanawake wanakuwa nje ya milango yao giza bado halijaisha wanachora maua kwa unga wa mchele chini, unga unadondoka katikati ya vidole viwili mstari mwembamba kabisa bila kukatika, jua likitoka mtaa mzima umeshapambwa, na sisimizi na ndege wameshapata kifungua kinywa.

Kwa Muislamu anayeamka kuswali alfajiri: umeshafika nusu ya safari, kwa huku kwetu adhana ya alfajiri inaangukia ndani ya muda huohuo au karibu yake sana, baki na swala yako kisha chukua humu mambo ya mwili. Mkristo vilevile, pale nitakaposema mantra, yaani maneno matakatifu yanayorudiwarudiwa, wewe weka sala yako. Mwili ni wa wote, ibada kila mtu na yake.

Vitu vya kuandaa

Hakuna cha bei mbaya:

- Saa ya alamu ya kawaida, ile ya mezani. Simu iache chumba kingine, sababu utaiona.
- Kikwangulio cha ulimi, kile kichuma chembamba kilichopinda, cha shaba kikipatikana. Maduka ya Wahindi yanauza bei rahisi. Kikikosekana kijiko kidogo kinafanya kazi.
- Mafuta ya ufuta, chupa ndogo. Kama una joto sana mwilini au unaishi pwani kwenye joto, mafuta ya nazi yanafaa zaidi.
- Mswaki wako, au kijiti cha mwarobaini kama upo mti jirani.
- Chombo cha maji chenye mfuniko. Cha shaba ni kizuri lakini sio lazima.
- Mkeka au kitambaa cha kukalia ambacho hukifanyii kazi nyingine.
- Taulo kuukuu kwa ajili ya siku za mafuta.

Na kitu kimoja kisichouzwa dukani: ongea na unaolala nao chumba kimoja. Waambie mapema unachofanya na muda gani, wasije wakashtuka usiku mtu anatembea gizani.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya muda WAKO

Hapa ndo maswali yote yanapoanzia. Muhurta moja ni dakika 48. Brahma muhurta ni muhurta ya pili kutoka mwisho wa usiku, kwa hiyo inaanza saa 1 na dakika 36 kabla ya jua kutoka na inaisha dakika 48 kabla ya jua kutoka. Basi, hakuna siri nyingine.

Angalia kwenye simu jua linatoka saa ngapi hapo ulipo (programu za hali ya hewa zote zinaonyesha), kisha toa. Mfano likitoka saa 12:30 asubuhi, muda wako ni saa 10:54 mpaka saa 11:42. Kwa Dar mwezi wa saba jua linatoka kama saa 12:35, mwezi wa kumi na moja linatoka mapema, kama saa 12 kasoro dakika 5, hapo unaanza saa 10 na dakika 19 hivi. Nairobi linacheza kati ya saa 12:12 na saa 12:43. Sisi tulio karibu na ikweta tuna bahati, tofauti ni ndogo mwaka mzima, ukipanga mara moja unarekebisha kidogo tu.

Kosa kubwa hapa ni kuchukua saa 10 alfajiri kama amri kwa sababu fulani kasema kwenye video. India yenyewe inatumia saa ya aina moja nchi nzima lakini jua halijui hilo: mwezi wa sita kule Dibrugarh, Assam, linatoka kama saa 10 na robo alfajiri, siku hiyohiyo Dwarka kule Gujarat linatoka saa 12 na dakika 10 asubuhi. Mtu wa Dwarka na mtu wa Assam hawawezi kuwa na alamu moja, sasa wewe wa Mwanza unamuiga nani?

Hatua ya 2: Panga usiku

Hesabu kurudi nyuma masaa 7 mpaka 8 kutoka muda wako wa kuamka. Unaamka saa 10:54, basi uwe umelala, sio umepanda kitandani, umelala, kati ya saa 3 kasoro na saa 4 kasoro. Najua wengi mtasema haiwezekani, tamthilia, mpira, watoto, foleni. Kama kweli haiwezekani basi usiamke huo muda, chagua hata nusu saa kabla ya jua na bado utapata mengi. Ayurveda inahesabu usingizi kuwa moja ya nguzo tatu za uhai pamoja na chakula na kujizuia kwenye mambo ya unyumba, na hicho kitabu cha Vagbhata kinataja haja 13 za mwili ambazo mtu hatakiwi kuzibana, mkojo ipo, chafya ipo, njaa ipo, na usingizi upo. Kwa hiyo anayelala saa 6 usiku akaamka saa 10 huku anajisifia anafuata Ayurveda, anaivunja.

Chakula cha jioni kiwe chepesi na kiwe masaa 2 mpaka 3 kabla ya kulala. Kule India chakula kinachopendwa usiku ni khichdi, mchele na choroko zilizokobolewa vinachemshwa pamoja mpaka vinalainika, manjano kidogo, bizari nyembamba, tangawizi, samli kijiko kimoja juu. Ni rahisi na vitu vyote vipo sokoni kwetu. Ukila ugali mkubwa na nyama choma saa 4 usiku, alfajiri tumbo bado lipo kazini na kichwa kitakuwa kizito hata ukiamka na alamu tano.

Saa moja kabla ya kulala punguza mataa, simu peleka chumba kingine. Paka mafuta kidogo kwenye nyayo, sugua dakika mbili, vaa soksi kuukuu ili usichafue shuka. Hii ya nyayo usiidharau, kwa watu wengi usingizi unakuja haraka.

Hatua ya 3: Sogea dakika 15, sio masaa mawili

Kama sasa unaamka saa 1 asubuhi, usiruke kwenda saa 11 kesho. Vuta alamu nyuma dakika 15, kaa hapo siku 3 au 4, vuta tena. Kulala nako kunavutwa nyuma hivyohivyo. Kutoka saa 1 mpaka saa 11 itakuchukua karibu mwezi na hiyo ni kasi nzuri kabisa.

Kuanza wiki ya mfungo, wiki ya mitihani au wiki unayouguliwa sio busara. Wahindu wa Maharashtra wana siku nzuri ya kuonja utamu wake, Narak Chaturdashi wakati wa Diwali, familia nzima inaamka kabla ya jua, wanapakana mafuta na unga wa mitishamba wenye harufu, wanaoga kukiwa bado giza, watoto wanashindana nani kaoga wa kwanza. Kama una jirani Mhindu muulize, watu wanapenda kuulizwa.

Hatua ya 4: Umeamka, usikurupuke

Alamu imelia. Zima, kaa kitako kitandani, miguu bado usiishushe. Fanya mambo matatu:

a) Jisikilize tumbo. Je, chakula cha jana kimesagika? Dalili za kwamba hakijasagika ni kucheua harufu ya chakula, tumbo kujaa, ulimi mzito. Kama hakijasagika rudi ulale kidogo, hakuna dhambi hapo, halafu leo jioni punguza sahani.

b) Unganisha viganja viwili uviangalie. Wahindu wana beti wanasema hapo: kwenye ncha za vidole anakaa Lakshmi wa mali, katikati ya kiganja Saraswati wa elimu, kwenye shina la kiganja Govinda, yaani mungu Krishna, ndio maana asubuhi unaangalia mkono kwanza. Mimi naona hiki ndo kipande kizuri kuliko vyote, kwamba kitu cha kwanza macho yako yanaona ni hiyo mikono itakayofanya kazi ya leo. Na ndo sababu nimekwambia simu ikae chumba kingine, huwezi kuangalia viganja ukiwa umeshika simu.

c) Kabla ya kukanyaga chini, iguse ardhi kwa mkono. Kuna beti ya kuiomba dunia msamaha kwa kuikanyaga, inamwita mungu wa kike aliyejifunika bahari na mwenye milima kifuani. Ukiwa huna dini hiyo, gusa tu kimya kimya, inakupunguzia haraka.

Hatua ya 5: Maji na choo

Kunywa maji glasi moja, mbili ukiweza, ya vuguvugu au ya kawaida. Ya friji hapana. Kama yalikaa kwenye shaba usiku ni sawa, ila usiweke ndimu wala kitu kichachu ndani ya chombo cha shaba, uchachu unaitoa shaba ikaingia kwenye maji. Wala usijilazimishe lita nzima kwa mkupuo, utapata kichefuchefu tu.

Kisha nenda choo ukae kwa utulivu. Usisukume kwa nguvu. Kikija poa, kisipokuja toka, kitakuja siku nyingine mwili ukishajua ratiba.

Hatua ya 6: Mdomo

Hapa nakaa kidogo maana ndo hatua inayoonyesha matokeo haraka kuliko zote.

Kijiti: vitabu vinasema urefu wa vidole 12 kwa upana, unene kama ncha ya kidole kidogo, ladha iwe chungu, kali au ya kukaza mdomo. Mwarobaini umo sawasawa kwenye hiyo sifa, na mti wenyewe huku kwetu asili yake ni India. Menya ncha kama sentimita mbili, tafuna taratibu mpaka nyuzi zifunguke, piga mswaki jino moja moja, fizi usizichokoe. Tema mate yote machungu, usimeze. Kama huna uhakika mti ni mwarobaini kweli, tumia mswaki wa dukani na dawa yako.

Ulimi: toa nje, weka kikwangulio nyuma kadiri unavyoweza bila kutapika, vuta mbele kwa wepesi, suuza, rudia mara 5 au 7. Utaona utando mweupe umekusanyika kwenye shaba, hiyo ndo taarifa yako ya jana. Ukila vizuri na mapema utando unakuwa mwembamba kama maji, ukila usiku sana unatoka mzito na una harufu. Ndani ya wiki utaweza kusoma tumbo lako kwa kuangalia hicho kichuma tu. Usikwangue mpaka damu.

Mafuta: kijiko kimoja cha ufuta, sukutua dakika 3 mpaka 5, tema kwenye pipa la taka au kwenye karatasi, ukitema kwenye sinki kila siku bomba litaziba. Usimeze.

Hatua ya 7: Mafuta mwilini na mazoezi

Kila siku ni vizuri lakini najua muda wa watu, mara mbili kwa wiki inatosha kuanzia. Pasha mafuta kwa kuweka chupa ndani ya maji ya moto, paka mwili mzima, kwenye mifupa mirefu sugua juu chini, kwenye viungo sugua mduara. Muda ukiwa mdogo paka sehemu tatu tu ambazo Vagbhata anazitaja kwa mkazo: kichwa, masikio, nyayo. Kwenye masikio paka kwa nje tu.

Siku ambayo una mafua, homa au chakula hakijasagika, usipake. Na angalia sakafu ya bafuni, mafuta na vigae ni hatari, weka mkeka wa mpira au taulo kuukuu.

Mazoezi fanya nusu ya nguvu zako. Alama ya kusimama ni jasho kwenye paji la uso na pumzi kuanza kutaka kutokea mdomoni. Raundi chache za surya namaskar, ile mikao ya yoga ya kusalimia jua, zinatosha, au kutembea. Wanaotoka hapo wanahema kama wamekimbizwa wamepitiliza.

Hatua ya 8: Kuoga

Jibu la swali maarufu: hapana, maji ya baridi sio lazima. Utaratibu wa Ayurveda ni maji ya moto kuanzia shingoni kushuka chini, kichwani usimwage ya moto maana wanasema yanadhoofisha nywele na macho. Kuna wanaooga mto Ganga wa baridi alfajiri mwezi mzima wa Kartik, hiyo ni nadhiri ya dini, tofauti na ratiba ya afya ya kila siku.

Hatua ya 9: Kaa kimya

Kama una dakika chache tu asubuhi, ruka mafuta, ruka mazoezi, hii USIIRUKE. Nawafikiria hasa wale wa Mbagala na Chanika ambao saa 11 wapo kituoni wanasubiri daladala: viganja, maji, ulimi, kuoga, dakika 10 za kukaa, ondoka. Umepata kiini chote.

Kaa kwenye kitambaa chako uso mashariki, mgongo umenyooka, ukichoka egemea ukuta. Vuta pumzi kwa pua taratibu mara kadhaa. Kisha mwenye mantra asome mantra, wengi wanasoma Gayatri ambayo ipo Rigveda kitabu cha 3, wanahesabu kwa shanga 108, lakini anayeanza hata mara 11 zinatosha. Mwenye sala asali. Asiye na lolote ahesabu pumzi 1 mpaka 10 arudie. Mwishoni fanya alichosema Manu: jiulize leo wajibu wangu ni upi, na riziki yangu naitafutaje. Maswali mawili hayo tu, usiandike orodha ya kazi.

Hatua ya 10: Jua linapotoka

Ukibahatika kuwa nyumbani, toka nje. Dar ukipita Mtaa wa Kisutu ulipojaa mahekalu, au Upanga, alfajiri unaweza kuona mama wa Kihindu kasimama barazani na kichombo cha shaba, kakinyanyua kwa mikono miwili usawa wa kifua, anamimina maji polepole uzi mwembamba, anaangalia mwanga kupitia hayo maji, midomo inacheza kwa sauti ya chini, yanayobaki anamwagia mmea wa tulsi kwenye chungu, ambao ni ukoo mmoja na kivumbasi chetu. Hayo maji ndo arghya, zawadi kwa Surya, mungu wa jua.

Wewe usiye Mhindu simama tu kwenye mwanga dakika 10. Mwanga wa asubuhi ndo unaoseti saa ya mwili ili usiku usingizi uje mapema. Jua lenyewe usilikazie macho, hata likiwa jekundu.

Nani asifanye, au aulize kwanza

Rudi kwenye neno mwenye afya. Mgonjwa, mjamzito, mtoto, mzee sana, mtu aliyedhoofika, hawabanwi na ratiba hii, walale. Mwenye kifafa awe makini mno maana kukosa usingizi kunaweza kuleta degedege, na mwenye shida ya akili ya kupanda na kushuka hisia aongee na daktari wake kabla ya kugusa masaa ya kulala. Mwenye kisukari anayetumia dawa au sindano apange muda wa kula na daktari. Na Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, sura ya 6 inasema wazi yoga haipo kwa anayelala kupita kiasi wala kwa anayekesha kupita kiasi.

Ukikwama

*Naamka vizuri ila saa 8 mchana nasinzia kazini.* Umelala pungufu. Rudisha alamu mbele dakika 30 wiki moja au sogeza kulala. Usitibu kwa kahawa. Kulala mchana Ayurveda inaruhusu msimu wa joto kali, na wakati wowote kwa watoto, wazee na waliochoka sana.

*Naamka mwenyewe saa 8 usiku, silali tena.* Wanasema vata imezidi. Jioni kula cha moto chenye samli, paka nyayo na kichwa mafuta, acha kahawa na chai kali kuanzia mchana. Ikiendelea wiki kadhaa nenda hospitali, usikae nayo.

*Nikikaa kutafakari nasinzia.* Oga kabla, fungua macho nusu, au simama. Ukisinzia kila siku jibu ni lile la kwanza.

*Nimerudi kulala baada ya kuamka.* Inatokea. Kesho weka alamu mbali na kitanda na uwashe taa papo hapo.

*Wikiendi je?* Usipitilize zaidi ya nusu saa, ukilala mpaka saa 3 jumapili, jumatatu unaanza moja.

*Nafanya zamu ya usiku, mlinzi, nesi, dereva.* Vagbhata alishakufikiria: aliyekesha alale asubuhi nusu ya muda aliokesha, kabla hajala. Kwa hiyo ukirudi lala, ukiamka fanya hatua ya 4 mpaka 9 hata kama ni saa 6 mchana. Mwili wa zamu kila siku unahitaji zaidi ya hiyo nusu, uupe.

*Nina mtoto mchanga.* Acha kwanza. Viganja na ulimi tu, saa yoyote utakayoamka.

*Mawingu, mvua, jua halionekani.* Muda haubadiliki, geukia mashariki endelea.

*Nipo London, mwezi wa sita jua linatoka saa 10:43 alfajiri.* Ukitoa saa 1 na dakika 36 unapata saa 9 na dakika 7 usiku, na giza la kule kiangazi ni fupi sana. Tumia njia ya kugawa: chukua muda wote kutoka jua kuzama mpaka jua kutoka, gawa mafungu 15, rudi nyuma mafungu mawili kutoka jua kutoka. Usiku wa mwezi wa sita kule ni masaa 7 na dakika 20 hivi, fungu moja ni kama dakika 29, kwa hiyo unaamka saa 9:45. Bado ni mapema mno kwa mtu wa kazi, kwa hiyo kiangazi shika saa 11 isiyobadilika upate usingizi wako, halafu Oktoba jua likianza kuchelewa urudi kwenye hesabu ya kawaida. Desemba linatoka saa 2 na dakika 5 asubuhi, unaanza saa 12 na nusu, hapo huna kisingizio. Aliyepo Muscat ana unafuu, mwezi wa sita ni kama saa 11:20 alfajiri na Januari karibu saa 1 kasoro 10, piga hesabu ya hatua ya 1 kama ilivyo.